Vijana wanataka wageni waondoke mtaani. Niwajibu nini?

Mbukwenyi ndugu wa safu,

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa mmoja hapa Dodoma mjini, upande wa Nkuhungu. Nyumba za kupanga ni nyingi na saiti za ujenzi haziishi. Kwenye mkutano wa mtaa uliopita vijana walikuja juu. Wanasema saidia fundi ambaye ni mwenyeji anadai 15,000 kwa siku, lakini msimamizi anachukua "Warundi" kwa 8,000, wanabeba zege mpaka jioni na hakuna anayefungua mdomo. Wanataka niandike barua kwamba wageni wote wawe wameondoka kabla ya mkutano ujao.

La pili. Kuna dada amepanga chumba na sebule kwa mzee mmoja hapa mtaani. Ni fundi cherehani, ana watoto wawili. Ametoka Burundi, pasipoti anayo, ina mhuri wa mpakani Manyovu. Mtoto mkubwa ana miaka saba na hajaanza shule. Mwenye nyumba ananisukuma nigonge mhuri kwenye fomu ya NIDA kwamba dada huyo ni mzaliwa wa Kigoma, mambo yaishe. Roho inasita.

Naomba mnijibu bila kupamba. Nchi inapata nini kwa kupokea wageni na wakimbizi wakati vijana wetu wenyewe hawana kazi? Na huyu dada nimfanyeje?

Mwenyekiti wa mtaa, Dodoma


Mwenyekiti, tunaanza na fomu, maana hiyo ndiyo inayoweza kukufikisha mahakamani kabla hata mkutano haujaitishwa. Usigonge mhuri.

Mwenye nyumba anadhani anamsaidia mpangaji wake. Hajui kwamba NIDA hutoa kitambulisho kwa watu wa aina tatu: raia, mgeni mkaazi na mkimbizi. Mgeni akishapata kibali chake, kitambulisho halali kipo, na hana haja ya kuzaliwa upya Kigoma. Ukiandika uongo, kosa ni la kwako na la kwake, lakini yeye ndiye atakayelibeba muda mrefu zaidi. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka anayeomba uraia wa tajnisi, yaani wa kupewa si wa kuzaliwa, awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi awe amekaa jumla isiyopungua miaka 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, na awe na tabia njema. Hiyo tabia njema ndiyo inayoharibika. Karatasi ya uongo ya mwaka huu inakaa kwenye faili ikimsubiri, na siku anapoomba kwa haki ndipo inapotolewa mezani.

Sasa mwombe akuletee pasipoti muisome pamoja, mbele ya mtendaji wa mtaa. Huna mamlaka ya kuishika wala kubaki nayo, na mwenye nyumba pia hana. Wako wanaoifungia kabatini "mpaka kodi ilipwe", na hilo nalo ni kosa. Fungua ukurasa wa mhuri. Burundi imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Soko la Pamoja lilianza kutumika Julai 2010, kwa hiyo raia wake anaingia bila viza na anaweza kupewa hadi miezi sita kama mgeni. Neno ni "hadi". Afisa wa mpakani akiandika siku 90, ni 90. Watu wengi hukosea kuhesabu: wanaanzia siku waliyopanga chumba, wakati hesabu inaanzia siku ya mhuri. Kama siku zimebaki, aende Uhamiaji mkoa sasa. Kama zimepita, aende pia, tena haraka zaidi, kwa miguu yake mwenyewe na wewe au mtendaji ukimsindikiza. Mtu aliyejipeleka na mtu aliyekutwa uvunguni mwa kitanda usiku hawaandikiwi maelezo sawa. Asipite kwa kishoka. Hao hukaa karibu na ofisi, wana bahasha ya kaki na lugha tamu, na mara nyingi risiti wanayoleta si ya serikali. Malipo ya vibali hutolewa namba ya malipo. Mtu anayetaka taslimu mkononi ni wa kukimbia.

Kabla hajaenda, muulize jambo moja, tena faragha: ukitaka kurudi kwenu leo, unaweza? Akijibu kwamba anaweza ila huko hakuna riziki, huyo ni mhamiaji na njia yake ni vibali. Akinyamaza, au akasema akirudi atauawa au atafungwa, habari inabadilika. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua maana ya mkimbizi: si anayeteswa kwa dini, kabila au siasa tu, hata aliyekimbia vita au machafuko makubwa ya nchi yake anahesabiwa. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku saba tangu kuingia kujieleza kwa afisa aliyeidhinishwa, kwa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani. Unaona mtendaji alivyowekwa mlangoni kabisa? Kuanzia Januari 2017 Warundi hawapokelewi tena kwa mkumbo. Kila mtu husikilizwa kwa habari yake. Mwenye kusikiliza si wewe, si sisi, wala si mkutano wa mtaa. Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na wizara iko hapo hapo Dodoma, kwa hiyo umbali si kisingizio. Umwambie ukweli kwamba mkimbizi kwa sheria yetu anapangiwa eneo la kukaa, kwa Warundi kwa miaka mingi imekuwa kambi ya Nyarugusu au Nduta mkoani Kigoma, na hatoki humo bila kibali. Wengi huficha ukimbizi wao kwa sababu hiyo tu.

Mtoto asisubiri haya yote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto, na ukimbizi umetajwa humo kwa jina. Mpeleke kwa mwalimu mkuu na barua yako inayosema anaishi mtaani kwako, basi. Usiandike zaidi ya unachokijua. Kama mdogo wake amezaliwa hapa, asajiliwe RITA, kwa wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Cheti cha kuzaliwa si cheti cha uraia, kwa hiyo anayekuambia "ukimpa cheti umempa nchi" hajui anachosema.

Kuhusu cherehani, mwache kwanza asikodi fremu. Amri ya Julai 2025 imewakataza wasio raia biashara za aina 15: kuuza rejareja, wakala wa kutuma pesa, kutengeneza simu, saluni isiyo ya hotelini, kununua mazao shambani na nyinginezo, na faini yake ni kubwa. Viwanda vidogo vimo. Cherehani tatu kwenye chumba kimoja, afisa anaweza kukuhesabia kiwanda. Aulize kwa afisa biashara wa Jiji kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Raia anayemkopesha leseni naye anaadhibiwa, na tunahisi mwenye nyumba hilo nalo alishalifikiria.

Haya, vijana.

Usiwaambie wana roho mbaya. Hoja yao ina ukweli, na ukweli huo umewahi kupimwa hapa hapa nchini. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja tu. Miaka iliyofuata wachumi walikwenda Kagera kuhesabu nani alipata na nani alikosa. Mkulima mwenye shamba lake alipata: soko lilimfuata mlangoni na vibarua wa kulima walikuwa tele. Aliyeumia ni kibarua asiye na shamba, kwa sababu ujira wake ulipata washindani na chakula anachonunua kikapanda bei siku hiyo hiyo. Miti ilikatwa, kuni zikawa za kutembelea mbali. Barabara zilizotengenezwa ili malori ya misaada yapite zilibaki, na vijiji viliendelea kunufaika nazo hata baada ya wakimbizi kurudi kwao mwishoni mwa 1996. Kwa hiyo ukisimama mkutanoni ukasema wageni ni faida kwa kila mtu, kijana wa zege atakuzomea, na atakuwa na haki.

Muulize badala yake: kwa nini yule mgeni anakubali 8,000? Mchele anaununua duka lile lile. Kodi ya chumba halipi nusu. Anakubali kwa sababu hana pa kushtakia. Msimamizi akimkata siku mbili, akimwambia "njoo Jumamosi" wiki tatu mfululizo, akidondoka na karai kutoka kwenye jukwaa la mbao, aende wapi? Anajua simu moja ya msimamizi inamaliza habari yake. Wewe ukiandika barua ya kufukuza, msimamizi analeta wengine kwa fuso usiku wa kesho, na hao watakuwa na woga zaidi kuliko wa jana. Watakubali 7,000. Kila msako unaopita hapo saiti unashusha bei ya kazi, na bei hiyo ndiyo anayokutana nayo kijana wako akienda asubuhi kuomba.

Sheria ya 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri apate kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi kwanza, ndipo kibali cha ukaazi kifuate. Na anatakiwa aeleze kwa nini Mtanzania hakupatikana. Kwa kubeba zege hilo haliwezekani, kwa hiyo kosa la kwanza liko kwa aliyeajiri. Vijana waandike majina yote ya vibarua wa saiti hiyo, wenyeji na wageni pamoja, na malipo ya kila mmoja kwa siku, walipeleke kwa Afisa Kazi wa mkoa. Orodha ya mwanzo mpaka mwisho, isiyochagua kabila. Malalamiko yakiwa "wote hapa tunalipwa chini na hatuna mikataba", msimamizi ana la kujibu. Yakiwa "kuna Warundi", atawatoa mlango wa nyuma na mshahara utabaki ulivyo.

Na hao "Warundi" wahakikishe kwanza. Kiha na Kirundi vinasikilizana kama ndugu wa tumbo moja. Muha wa Kasulu au Buhigwe, Mtanzania tangu kwa babu yake, akiongea na simu pale saiti, masikio ya Dodoma yanasikia Burundi. Mtaa unaowinda kwa lafudhi unaanza kwa kuwapiga raia wake.

Baada ya hapo ndipo waeleze hilo la nchi inapata nini. Anzia nyumbani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Wengi wa walioongezeka ni wageni kwa Wagogo: watumishi waliofuata serikali, wafanyabiashara, wanafunzi wa UDOM, mafundi. Kelele zilikuwa zile zile, kwamba viwanja vinaisha na kodi inapanda, na kodi kweli ilipanda. Lakini hao vijana wanaobeba zege wanalibeba kwa sababu hao wageni walikuja na kutaka nyumba. Kazi haikai kwenye ghala kama mtama, kwamba ukichota debe limepungua debe. Anayekuja anakula, anapanda bodaboda, anashona, ananyoa.

Mtu anayevuka mpaka hafanyi tofauti, akiruhusiwa. Na kuruhusiwa ndiko tunakotaka ukazie, kwa sababu nchi yetu imejaribu njia mbili na matokeo yote mawili yako wazi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, porini, kwenye miombo na mbung'o. Walipewa mashamba. Mgao wa chakula uliendelea kwa miaka michache ya mwanzo, kisha ukasitishwa kwa sababu walikuwa wanajilisha na kuuza ziada, mahindi, maharage, muhogo, na tumbaku juu yake. Katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yameshakabidhiwa kwa serikali. Waliofika miaka ya 1990 na baadaye waliwekwa kambini, bila shamba na bila ruhusa ya kutoka. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 na mpaka leo watu wake wanasubiri mgao. Mgao ukikatwa Ulaya, mtoto wa Kasulu analala njaa, na kijana wa kambini anatoroka usiku kwenda kutafuta kazi. Anafikia wapi? Kwenye saiti, kwa 8,000. Wakimbizi wa pili si wavivu kuliko wa kwanza. Wa kwanza walipewa jembe na ruhusa.

Hata pale tulipofanya vizuri tulijikwaa kwenye karatasi. Wale wa 1972 waliulizwa mwaka 2007 wachague kurudi au kuwa raia. Kama 162,000 wakakubaliwa uraia mwaka 2010, kisha vyeti vikazuiwa mpaka Oktoba 2014, kwa sababu ulikuwepo mpango wa kuwahamisha kutoka makazini na kuwatawanya mikoani. Miaka minne watu hawakujua kama wapo au wanaondoka. Asiyejua kama masika ijayo itamkuta hapo hapandi mwembe wala haezeki bati, na hasara hiyo ni ya wilaya nzima.

Mkutano ukiwa na wazee, wape nafasi. Wa Kongwa wanakumbuka wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine, waliopewa kambi pale kuanzia miaka ya 1960, pale pale Waingereza waliposhindwa na mradi wao wa kulima karanga. Wa Kondoa huenda walisikia habari za Wapolandi waliowekwa wilayani mwao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nenda Morogoro, Mazimbu: ANC walipewa eneo, wakajenga shule, hospitali na nyumba, na walipofungasha kurudi kwao mwaka 1992 wakaacha vyote. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na wanaosoma humo ni watoto wa hawa hawa wanaouliza tumepata nini.

Likitoka lile la "sisi hatujawahi kukimbilia kwa mtu", wakumbushe Januari 2001. Baada ya waandamanaji kupigwa risasi Pemba, zaidi ya Watanzania 2,000 walipanda vyombo kwenda Shimoni, Kenya, wakapokelewa kama wakimbizi. Ugogo nao una neno Mtunya, njaa ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, watu walipotoka kuhemea mbali na wengine wasirudi. Njaa na vita si kitu kimoja kisheria. Aliyefungua mlango siku hiyo hakuuliza tofauti.

Barua ya kufukuza usiiandike, huna mamlaka hayo hata wakikupigia makofi. Nunua daftari kubwa la kwaya tatu, uchore safu za wakazi wote wa kupanga, Mgogo, Mchaga au Mrundi: jina, alikotoka, tarehe aliyofika, jina la mwenye nyumba, simu, aina ya kitambulisho na namba yake. Safu ya mwisho iwe tarehe ya kuisha kwa hati. Hiyo ndiyo wenyeviti wengi huiacha, na ndiyo yenye kazi, kwa sababu inakuonyesha mwezi mmoja kabla nani wa kukumbushwa aende ofisini. Andika kwa kalamu ya wino, mwenye nyumba asaini mbele yako, na ukurasa wa dada wa cherehani uwe wa kwanza kujazwa, kwa jina lake la kweli na Manyovu yake.